Pima kabla jua halijachomoza: tunavyofuatilia afya ya Bwawa la Hombolo

Mimi ni mkulima wa zabibu Hombolo, na ndiye mshika daftari wa kikundi chetu kinachopima maji ya bwawa. Bwawa lilijengwa mwaka 1957 kwenye mkondo wa Kinyasungwe, kaskazini mashariki mwa Jiji la Dodoma, na mvua ikinyesha kila kilichoachwa juu huko, samadi, mbolea, mifuko, kinashuka kwetu. Wenzetu wa vijiji vyenye mabwawa wanatuuliza pa kuanzia. Nawaambia waanze na saa.

Mwaka wetu wa kwanza tulikuwa tunapima kila Jumamosi saa 9 alasiri, tukitoka shambani. Oksijeni ilikuwa nzuri wiki baada ya wiki. Asubuhi moja ya Novemba tukakuta perege wamelala ubavu ukingoni, wengine bado wanahema juu juu, midomo nje ya maji. Mzee mmoja wa mitumbwi akaniuliza, "Mwanangu, hicho kipimo chenu huwa kinakuja saa ngapi?" Nikamjibu. Akasema, "Samaki anakufa usiku, ninyi mnakuja mchana."

Alikuwa sahihi. Mchana mwani uliomo majini hutumia mwanga wa jua na kutoa oksijeni. Usiku kazi hiyo husimama, lakini mwani wenyewe, samaki na vijidudu vinavyoozesha uchafu wa chini vinaendelea kuivuta. Kwa hiyo kiwango cha chini kabisa hukipata alfajiri. Siku hizi tunafika saa 11 na nusu alfajiri, tena tukiwa na wasiwasi zaidi kama jana yake kulikuwa na mawingu na upepo umetulia, maana siku ya namna hiyo mwani hautengenezi akiba ya kutosha. Mvua za kwanza za Desemba nazo ni za kuangaliwa: zinaleta uchafu mwingi kwa mkupuo.

Kama hamna mashine, tumieni vifaa vya matone. Kuna chupa ndogo yenye kizibo cha kioo. Izamishe kwa ubavu, iinue taratibu ikiwa ndani ya maji, uizibe hukohuko chini. Povu moja tu likibaki ndani, mwaga uanze upya, kwa sababu hewa ya povu itaingia kwenye hesabu. Ukitia dawa mbili za mwanzo, angalia wingu linalojitokeza. Likiwa la kahawia, oksijeni ipo. Likiwa jeupe, hakuna kitu. Asubuhi ile ya Novemba tulichota karibu na matete wingu likatoka jeupe kama uji mwepesi, likashuka polepole hadi chini ya chupa, na hakuna aliyesema neno. Baada ya hapo hutiwa tindikali, kisha unahesabu matone hadi rangi ipotee. Dawa hizo zinaunguza, kwa hiyo vaeni glavu, na maji yaliyotumika yarudi nyumbani kwenye dumu, yasimwagwe bwawani.

Tunavyosoma namba: miligramu 5 kwa lita na kuendelea, samaki wanapumua vizuri. Chini ya 5 wengi wanaanza kutaabika. Chini ya 2 ni hatari. Kambale asikudanganye, yeye anaweza kuja juu kuvuta hewa, na ukiona kambale peke yake ndiye mzima, maji yameshaharibika. Jambo jingine lililotuchukua muda kulielewa: huku kwetu tuko zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari na hewa ni nyepesi, hivyo maji ya nyuzi 25 yaliyotulia hushika miligramu 7 na kidogo tu. Ukipata 11 alasiri usishangilie. Ni mwani umezidi, na alfajiri utakudai.

Kipimo cha pili, cha uangavu wa maji, hakina gharama kubwa. Kata duara la sentimita 20 kutoka kwenye kifuniko cha ndoo, ligawe robo nne, paka rangi nyeusi na nyeupe kwa kupishana. Toboa katikati, funga nati nzito chini, pitisha kamba isiyovutika yenye alama kila sentimita 10. Hii ndiyo sahani ya Secchi, yenye jina la Angelo Secchi, padri wa Italia aliyeitumia mwaka 1865. Ishushe upande wa mtumbwi wenye kivuli, kati ya saa 4 asubuhi na saa 8 mchana. Pale inapopotea machoni, shika alama. Ivute juu mpaka ionekane tena, shika alama. Gawanya jumla kwa mbili. Asome mtu yuleyule kila mara kadiri inavyowezekana, na kama ana miwani ya jua aivue.

Kina ambacho sahani inapotea kikipungua, jiulize ni tope au ni mwani. Chota kwenye chupa angavu uiache mezani usiku kucha. Tope hushuka chini. Ukikuta utando wa kijani umeelea juu, au umeuona ukingoni kama rangi ya ukuta iliyomwagika, huo unaweza kuwa mwani wenye sumu. Zuieni watoto na mifugo, na msidhani kuchemsha kutasaidia: moto hauondoi sumu hiyo.

Chumvi kwetu wa zabibu ni habari ya mfukoni. Kijiti cha kupima EC, yaani jinsi maji yanavyopitisha umeme, ambayo hupanda chumvi ikizidi, kinatumbukizwa tu na kusomwa, ila kilinganishwe na maji yake maalumu kabla ya kila safari. Jua la Dodoma linakausha bwawa kuanzia Mei hadi Novemba, maji yanaondoka na chumvi inabaki, kwa hivyo kupanda kwa namba hiyo kiangazi ni kawaida. Kinachotakiwa kuwashtua ni Oktoba ya mwaka huu kuipita Oktoba ya mwaka jana kwa mbali. pH, yaani kipimo cha ukali wa tindikali au magadi majini, pimeni saa ileile kila safari, kwa kuwa alasiri mwani huipandisha.

Kwa vijidudu vya kinyesi hatubahatishi. Chupa iliyotakaswa maabara haisuuzwi, mdomo wake haushikwi, inazamishwa kama sentimita 30 ikiwa imeinama, inawekwa kwenye barafu na kufikishwa maabara mjini siku hiyohiyo.

Halafu kuna viumbe. Pitisha wavu mdogo kwenye majani ya ukingoni, mwaga kwenye sinia jeupe, subiri dakika mbili vitulie. Watoto wa kereng'ende na wa wadudu wengine wa aina nyingi ni habari njema. Ukiona vifunza vyekundu peke yake vinajipinda, chini kuna upungufu wa oksijeni. Hesabu konokono pia, kwa sababu wapo wanaobeba kichocho. Vaa mabuti marefu na glavu ndefu, na usiingie maji kwa miguu mitupu, hasa mchana, saa ambazo vijidudu vyake hutoka kwa wingi kwenye konokono. Nasema hili kwa uchungu. Nimeona vijana wakikojoa damu na kudhani ni jambo la kupita.

Chagueni vituo vitatu msivibadilishe: pale mto unapoingia, katikati penye kina, na karibu na ukuta. Kila ukurasa uwe na tarehe, saa, hali ya mawingu na upepo, kina cha maji, na jina la aliyepima. Andikeni pia mashamba yaliyoingia ndani ya mita 60 za ukingo, maana Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 imelinda eneo hilo. Namba zikibadilika ghafla, rudieni kipimo kesho yake, kisha mpelekeeni afisa uvuvi na ofisi ya maji ya bonde nakala, si maneno.

Nakala ya pili ya daftari letu ipo kwa mwenyekiti, ndani ya mfuko wa nailoni, imetundikwa juu ya mlango mchwa wasipofika.