Somo: Enfield ya kushindilia ilivyogeuzwa kuwa Snider

Wengi wetu tunalijua gobori. Unamimina baruti mdomoni, unatia risasi, unashindilia kwa mdeki, unavika fataki juu ya chuchu, ndipo unafyatua. Askari hodari alipiga mara tatu kwa dakika, tena akiwa amesimama, kwa sababu mtutu mrefu hivyo haushindiliki ukiwa umelala kifudifudi. Mwaka 1864 Waprusia waliwapiga Wadenmaki kwa bunduki za kupakia kwa nyuma, wao wamelala chini. Waingereza walishtuka. Maghala yao yalijaa Enfield za muundo wa mwaka 1853, bunduki nzuri za kushindilia ambazo kuzitupa ingekuwa hasara kubwa. Mwaka 1866 wakakubali njia ya kuzigeuza zipakiwe kwa nyuma, ya Jacob Snider, Mmarekani wa Philadelphia.

Tufuate kazi jinsi ilivyofanyika kiwandani Enfield.

Hatua ya 1. Mtutu ulikatwa nyuma, kiasi cha inchi 2 na nusu. Shikeni hapo, kwa sababu karibu kila kitu kingine kilibaki: mbao, mtambo, kitako, pete tatu za kufungia mtutu, hata ule upana wa tundu la mtutu, inchi 0.577. Hiyo ndiyo akili ya Snider.

Hatua ya 2. Penye pengo pakafungwa kwa hesi kiota cha chuma kilicho wazi juu. Ndani yake kukawa na kifuniko kizito chenye bawaba upande wa kulia.

Hatua ya 3. Hapa ndipo napapenda zaidi. Nyundo ya zamani iko ubavuni kulia, lakini fataki ya kiasi (yaani risasi, baruti na fataki vikiwa pamoja katika ganda moja) iko katikati kabisa. Utaifikiaje bila kutengeneza mtambo mpya? Snider alipitisha pini kimshazari ndani ya kifuniko. Nyundo inapiga kichwa cha pini kulia, na ncha yake inatokea mbele, katikati. Ukiona bunduki ya namna hii makumbusho, inama uitazame kutoka nyuma: ule mshazari unaonekana wazi.

Hatua ya 4. Kiasi chenyewe kilitengenezwa na Boxer wa maabara ya jeshi, Woolwich: bati jembamba la shaba nyeupe lililoviringishwa, na kitako cha chuma chenye ukingo.

Hatua ya 5, matumizi. Nyundo inarudishwa nusu, dole gumba linafungua kifuniko kuelekea kulia. Ukishapiga, unafungua tena na kukivuta kifuniko chote nyuma. Kinakuja na ganda. Lakini ganda halirukii nje, linabaki limelala kiotani, kwa hiyo askari aliipindua bunduki lidondoke chini. Pamoja na mpindo huo, mikono iliyozoea ilifikia mara kumi kwa dakika. Vita vya kwanza vya Snider vilikuwa Ethiopia, Aprili 1868, Waingereza wakielekea Magdala kwa Mfalme Tewodros.

Snider hakuyaona hayo. Alifariki mwaka 1866 akiwa na madeni, bado anadai malipo yake. Inaniuma kila ninapofundisha somo hili.

MASWALI

Shikamoo mwalimu. Nimeona picha ya Snider, ila ubavuni imeandikwa 1862. Ni ya kughushi?

Marahaba. Si lazima. Mwaka huo ni wa mtambo, ambao ulitoka kwenye Enfield ya awali. Tazama kiota: kama kina alama ya III na kitasa cha kubonyeza upande wa kushoto, hiyo ni ya toleo la 1869 ambalo kifuniko chake hufunga barabara kuliko matoleo ya mwanzo.

Nchi nyingine nao waligeuza?

Ndiyo. Ufaransa ilikuwa na Tabatière, yaani kijaluba cha ugoro, kwa jinsi kifuniko kinavyofunguka. Austria Wänzl, Urusi Krnka. Marekani kazi ilifanywa na Erskine Allin, Springfield, kuanzia 1865.

Kwa nini huku kwetu magobori yalidumu muda mrefu hivyo?

Sababu mojawapo ni Mkataba wa Brussels wa 1890. Mataifa ya Ulaya yalikubaliana kuzuia bunduki za kisasa kuingia sehemu kubwa ya Afrika, ila yakaacha mlango kwa zile za gumegume, yaani za kuwasha baruti kwa cheche za jiwe, zisizo na mifuo ndani ya mtutu. Walisema ni kwa ajili ya kukomesha biashara ya utumwa. Mimi naona pia walijua nani angebaki na silaha dhaifu.

Babu alituachia gobori. Kuna fundi anasema atalifanya lipige risasi za sasa. Tumpe?

Hapana, ndugu yangu. Enfield zilikatwa kiwandani, na kiasi chake kilitumia baruti nyeusi. Baruti ya sasa ina msukumo mkubwa mno kwa mtutu kama huo; utapasukia usoni pa mpigaji. Na kutengeneza silaha bila kibali ni kosa la jinai. Toeni taarifa polisi, waje walichukue wenyewe. Mpaka wafike msiliguse, wala msimruhusu mtoto kusimama mbele ya mdomo wake: magobori mengi ya urithi hukutwa bado yameshindiliwa.