Vipepeo wa monaki nyumbani: kazi inaanzia kwenye friji

Machi hii nilikaa jikoni kwa jirani yangu hapa Minnesota, Marekani, mama wa Lubumbashi, tukachanganya mbegu na mchanga. Alitaka kufuga monaki, wale vipepeo wa rangi ya machungwa na nyeusi, na alikuwa amekwisha kukata tamaa. Haya ndiyo niliyomwonyesha.

1. Mmea. Kiwavi wa monaki hali kingine ila majani ya jamii ya Asclepias, yenye utomvu mweupe kama maziwa (usiuguse kisha ukapikicha macho). Mimi napanda Asclepias incarnata, maana hukaa mahali pake. Asclepias syriaca ni ya asili huku pia, lakini mizizi yake hutambaa ikameza bustani ndogo.

2. Mbegu. Hapa ndipo nilipopoteza miaka miwili. Kwetu Muheza, mvua zikianza unafukia mbegu, na baada ya siku chache imechipua. Huku nilipanda Mei, nikamwagilia mpaka Julai, sikuona hata jani moja. Mbegu hii imelala, na haiamki mpaka ipitiwe na baridi. Mwaka uliofuata nikatia pakiti kwenye friji kama ilivyo, kavu. Hola tena! Inataka baridi na unyevu kwa pamoja.

Basi chukua mchanga safi, uloweshe, uukamue mkononi hadi usidondoshe tone. Changanya na mbegu, tia kwenye mfuko wa plastiki wa zipu, andika tarehe, weka kwenye friji siku 30 au zaidi. Friji, si friza. Chungulia kila wiki: ukiona ukungu, suuza mbegu na ubadilishe mchanga, mchanga ukikauka, nyunyizia maji. Kisha panda kwenye trei, kina cha nusu sentimita tu, na miche itoke nje baridi kali ya usiku ikishaisha.

Wengine humwaga mbegu bustanini Novemba na kuiachia theluji kazi hiyo. Inafaa, ila ndege hula nyingine na maji ya theluji huzihamisha. Friji naiamini zaidi.

Usinunue mche ili kukwepa haya yote bila kuuliza umepuliziwa nini. Kuna dawa za wadudu zinazoingia ndani ya utomvu, na kuosha majani hakusaidii. Viwavi wangu tisa walikufa usiku mmoja kwa mche wa dukani. Muuzaji akibabaika, uache.

3. Mayai. Geuza majani: yai ni jeupe, dogo kama kichwa cha pini. Chukua machache, yasizidi kumi, yaliyobaki yaache nje. Msongamano huleta magonjwa. Hutotolewa kwa siku 3 hadi 5.

4. Viwavi. Kizimba cha chandarua, majani mabichi kila siku, kinyesi kitolewe kila siku. Wiki mbili hivi.

5. Pupa, yaani ganda ambamo kiwavi hugeuka kipepeo. Siku 8 hadi 14. Ikiwa nyeusi na mabawa ya rangi ya machungwa yanaonekana ndani, usiiguse. Kipepeo akitoka, mwache aning'inie saa kadhaa mabawa yakauke, kisha mwachie siku hiyohiyo penye jua.

Wanaotoka mwishoni mwa Agosti huruka hadi milima ya Michoacán, Meksiko. Kwa ajili yao panda asta, maua ya vuli yenye nekta ya kuwapa nguvu ya safari, na usikate maua yake Septemba, hata kama bustani imeanza kuonekana chakavu.