Mzee ageuke vipi bila kuanguka

Kijana akigeuka, macho hutangulia, kichwa hufuata, kisha mabega, kiuno, mwisho miguu. Umri ukisogea, kichwa na kiwiliwili hugeuka kwa pamoja, kwa hatua fupi nyingi. Mguu ukikwama kwenye mwengine, mzee huangukia ubavu, na nyonga huweza kuvunjika.

Anapotoka barazani kuingia ndani, mwambie: “Bibi, simama kwanza.” Atazame anakokwenda, ndipo ainue mguu wa upande huo, asizunguke kwa kisigino wala asipishanishe miguu. Kugeukia nyuma kabisa, achukue hatua nne hadi sita. Asigeukie juu ya kizingiti. Kanga isiburure. Na tafadhali, msimvute mkono, mtamwangusha nyinyi. Kizunguzungu kikimjia kila akigeuka, apelekwe hospitali.