Kabla ya dripu ya kwanza: maandalizi ya wawili wakati wa korona

Mke wangu alianza tibakemikali (kemo), yaani dawa za saratani kwa dripu, Nairobi Aprili 2020, wakati kafyu ilianza saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri. Nilidhani kazi yangu ingekuwa kukaa kando yake. Langoni askari akanisimamisha: anaingia mgonjwa peke yake. Kumbe msaada wa mwenzi huandaliwa nyumbani, siku kadhaa kabla.

Nunueni kipimajoto kwanza. Dawa hizi hushambulia saratani, lakini hupunguza pia chembe nyeupe za damu zinazopambana na maambukizi. Kwa dawa nyingi, chembe hizo hupungua zaidi kati ya siku ya 7 na ya 14 baada ya dozi. Joto la mwili likifika nyuzi 38, hiyo ni dharura, hata mgonjwa akikuambia anajisikia vizuri. Usimpe parasetamoli mkingojea kuche. Itashusha joto na kuficha hatari. Pigeni simu hospitali palepale.

Na kwa kuwa homa ni dalili ya korona pia, ulizeni mapema mgonjwa wa kemo mwenye homa apelekwe mlango upi, asije akakalishwa saa nyingi kwenye foleni ya washukiwa wa korona. Neno la kwanza kwa atakayewapokea liwe: "Yuko kwenye kemo." Sisi tuliomba barua yenye majina ya dawa na tarehe ya dozi, tukapatana na dereva wa teksi jirani kwamba tutamwamsha usiku wowote. Barua hiyo ingetusaidia pia kwenye vizuizi vya polisi.

Kwa daktari, ulizeni kuhusu uwezo wa kupata watoto kabla ya dozi ya kwanza, kwani baadaye huenda mkawa mmechelewa. Jino bovu lishughulikiwe mapema. Mtajieni kila dawa anayotumia mgonjwa, mitishamba ikiwemo.

Wageni tuliwakataza, na kumkatalia mama mkwe kuliniuma sana. Lakini ukweli ni kwamba mimi niliyepanda matatu kila siku ndiye niliyekuwa hatari kuliko mgeni yeyote. Nilivaa barakoa hata sebuleni, nikaoga kabla ya kumsogelea. Tafuteni pia mtu wa tatu: je, mwenzi akiugua, nani atapika, nani atamsindikiza? Shemeji yangu alikubali, akajifungia kwake wiki mbili kabla.

Kwa saa 48 baada ya dozi, vaa glavu ukisafisha matapishi au choo, kwa sababu mabaki ya dawa hutoka mwilini.

Mkobani tulitia shuka, maji, chaja na simu yenye salio. Dripu ilipowekwa, nilikuwa nimekaa chini ya mti nje ya lango, simu sikioni. Tulizungumza kidogo, akasinzia. Sikukata, nikabaki nasikiliza mashine ikilia na yeye akipumua.