Upepo wa mbele au mlima: namna ya kukabili kila kimoja ukiwa kwenye baiskeli

Mwenzangu wa barabarani ana kilo 56. Mimi nina 71, na mimi pamoja na baiskeli yangu tunafika kilo 80 kwa jumla. Tukifika mlimani ananiacha kwenye kona ya pili, na nikifika kileleni namkuta keshavaa koti na kufunga zipu. Tukishuka uwandani upepo ukatukabili, mambo yanageuka: yeye ndiye anayeita kutoka nyuma, "Punguza kidogo." Kwa miaka sita tumebishana ni kipi kigumu zaidi, na ubishi wenyewe umenifundisha mengi kuliko mazoezi yoyote niliyowahi kufanya. Nayaandika hapa kwa ajili ya yule anayeanza safari ndefu na hajui kwa nini miguu yake inaisha mapema siku yenye upepo.

Jambo la kwanza la kuelewa ni kwamba hivi viwili havikuchoshi kwa njia moja. Mlima unataka uzito wako. Upepo unataka upana wa mwili wako. Kwenye mwinuko wa asilimia 5, yaani kupanda mita 5 kwa kila mita 100, nikienda kilomita 15 kwa saa, miguu yangu inatoa nguvu ya karibu wati 195. Zaidi ya 160 kati ya hizo zinatumika kuinua uzito tu. Hewa inachukua kama 15 na tairi zinachukua zilizobaki. Ndiyo maana mwenzangu mwembamba ananiacha: mzigo wake ni mdogo. Lakini kwenye tambarare uzito karibu hauna maana, na mtu mkubwa mwenye mapaja yenye nguvu hana kifua kipana mno kuliko mtu mdogo. Upepo ukija, ni zamu ya mtu mkubwa.

Sasa chukua wati zile zile 195 uende nazo barabara tambarare siku tulivu. Mimi nafika kama kilomita 33 kwa saa. Ukivuma upepo wa mbele wa kilomita 20 kwa saa, mwendo unaanguka hadi kama 22. Ili mlima pekee unipunguze kiasi hicho, ungehitaji mwinuko wa kama asilimia 2.5, usiokwisha. Sababu ni kwamba msukumo wa hewa haupandi sawasawa na kasi: hewa inayokupiga ikiongeza kasi mara mbili, msukumo wake unaongezeka mara nne.

Kisha kuna jambo ambalo watu wengi hawalitazami, na kwangu ndilo linaloamua kila kitu. Mlima mkali una kiwango cha chini cha nguvu ambacho huwezi kukishusha. Kwenye mwinuko wa asilimia 10, hata nikijikokota kwa kilomita 6 kwa saa, nahitaji karibu wati 135. Nikipunguza zaidi, baiskeli inayumba na mguu unashuka chini. Kwa mwendo huo huo wa kilomita 6, kwenye tambarare yenye upepo mkali wa kilomita 40 kwa saa, wati 65 zinatosha. Upepo unakuruhusu kupumzika wakati wowote ukikubali kwenda polepole. Mlima haukuruhusu. Kwa hiyo nikiulizwa, nasema mlima ni mgumu zaidi kwa miguu, na upepo ni mgumu zaidi kwa moyo, kwa kuwa ruhusa ya kupumzika ipo na bado karibu kila mtu anakataa kuitumia.

Upepo wa mbele: funika tarakimu za mwendo

Mtu anakataa kupumzika kwa sababu anatazama kipima mwendo kwenye usukani. Amezoea 30, anaona 21, anakanyaga. Nilifanya hivyo siku moja kwenye safari ya kilomita 90, kwenda na kurudi kwa njia moja. Kwenda, upepo ulikuwa mgongoni. Husikii upepo wa mgongoni. Unasikia ukimya tu, na cheni inavyolia, na unaamini kwamba leo una nguvu. Kurudi, ikifika kama kilomita ya 60, nilikuwa nimeinama juu ya usukani nikipigania kila kilomita ya mwendo, na jasho kwenye kope limekauka likawa chumvi. Kilomita 15 za mwisho nilizimaliza kwa kusimama mara tatu, na giza lilinikuta barabarani.

Tangu hapo, upepo ukiwa wa mbele nabandika kipande cha utepe juu ya tarakimu za mwendo. Naendesha kwa pumzi: nikiweza kusema sentensi nzima bila kukatika, niko sawa. Mwenye kipima nguvu atumie wati, ni bora zaidi. Badili gia mapema na uendelee kuzungusha pedali mara 80 au 90 kwa dakika. Hakuna aibu kutumia kwenye tambarare gia uliyoizoea mlimani. Upepo ukipiga kwa ghafla, usijibu. Acha mwendo ushuke, kisha uurudishe taratibu pigo likipita.

Pili, jikunje. Hapa ndipo upepo unapotofautiana kabisa na mlima, kwani unaweza kuupunguza bila kuongeza nguvu. Kunja viwiko hadi mikono ya mbele ikaribie kulala sambamba na barabara, shusha kidevu, bana magoti karibu na fremu. Kwenye upepo ule wa kilomita 20, mkao mzuri unanipa karibu kilomita moja na nusu kwa saa kwa wati zile zile. Koti linalopeperuka linakula faida hiyo yote, kwa hiyo funga zipu. Wengi wanakamata sehemu ya chini ya usukani lakini wananyoosha mikono, na kifua kinabaki wazi kama tanga. Viwiko vilivyokunjwa huku viganja vimeshika juu ya breki mara nyingi vinasaidia zaidi. Usijilazimishe kukaa hivyo saa nzima siku ya kwanza: shingo na kiuno vinahitaji kuzoeshwa, kwa vipande vya dakika tano tano.

Tatu, panga njia. Mabaharia wakikutana na upepo wa mbele hubisha, wanakwenda mshazari huku na huku. Sisi barabara imetufunga, na uamuzi wetu tunaufanya kabla ya kutoka. Anza kwa kuukabili upepo ukiwa na nguvu mpya, urudi nao mgongoni. Wala usidhani upepo wa kurudi utakulipa kila ulichopoteza. Kilomita 40 siku tulivu zinanichukua kama dakika 73. Nikienda kilomita 20 dhidi ya upepo ule na kurudi 20 nao mgongoni, kwa nguvu ile ile, ni kama dakika 80, kwa kuwa natumia muda mrefu zaidi kwenye sehemu mbaya kuliko kwenye sehemu nzuri.

Utabiri wa hali ya hewa unatoa kasi ya upepo iliyopimwa mita 10 juu ya ardhi. Mahali pa wazi, wewe uliye juu ya baiskeli unapata kama theluthi mbili ya kasi hiyo. Kando ya miti au majengo, pungufu zaidi. Soma pia kasi ya mapigo ya ghafla, na kumbuka kwamba upepo unaitwa kwa jina la upande unakotoka, si unakoelekea. Mara nyingi alfajiri ni tulivu, halafu jua likishapasha ardhi joto upepo unaamka na kukaza hadi alasiri. Na ukiwa njiani, bendera hufuata upepo: itazame, tazama majani, tazama moshi, kabla hujashika kona.

Wa ubavuni ndio ninaouogopa

Upepo wa mbele unachosha, wa ubavuni unaangusha. Hebu fikiria upepo unatoka upande wa magari. Umejiinamisha kidogo kuelekea huko ili usisukumwe, bila hata kujua umeinama. Lori linakupita. Kwa sekunde moja au mbili upepo unakatika kabisa, na kwa kuwa bado umeinama, baiskeli inasogea kuelekea lori. Kisha mkia wa lori unapita, upepo unarudi wote kwa mara moja, na unasukumwa kwenda nje ya barabara. Jambo hilo lilinitokea nikiwa nimekamata usukani kwa nguvu, na gurudumu la mbele likacheza hadi kwenye kokoto.

Ukisikia lori, legeza vidole, kunja viwiko, bonyeza pedali kwa uzito thabiti, na uhakikishe una nafasi pande zote mbili. Mikono migumu inahamisha kila tetemeko hadi kwenye gurudumu. Tarajia jambo hilo hilo kwenye madaraja na pale ukuta au miti inapokatika ghafla. Ringi zenye kimo kirefu, yaani zenye ubavu mpana, hasa ya mbele, ziache nyumbani siku ya upepo mkali. Zinakamatwa kama tanga. Hata weledi wanashindwa: katika mbio za Gent-Wevelgem za Ubelgiji mwaka 2015, mwendeshaji Geraint Thomas alirushwa na upepo hadi mtaroni kando ya barabara.

Mlimani: anza chini ya uwezo wako

Mlima una wema wake: unauona, una urefu unaojulikana, una kilele. Alpe d'Huez, mlima maarufu wa mbio za baiskeli huko Ufaransa, ina kona 21 katika kilomita 13.8, na kila kona ina kibao chenye namba inayoshuka. Tumia wema huo. Jua urefu na mwinuko kabla hujafika, kisha theluthi ya kwanza iendeshe ukihisi kwamba unaweza kwenda kwa kasi zaidi. Ukihema sana mwanzoni, hutapata tena pa kupumzikia, kwa sababu ya kile kiwango cha chini nilichokitaja.

Gia ibadilishe kabla mwinuko haujakaza, cheni ikiwa bado nyepesi. Hakikisha baiskeli ina gia nyepesi ya kweli. Mimi natumia meno 34 mbele na 32 nyuma, na sioni haya. Mkao ni kinyume na ule wa upepo: kaa wima, shika juu ya usukani, fungua kifua, kwani kwa mwendo huo hewa haikuzuii sana. Kaa kwenye tandiko muda mwingi. Ukitaka kusimama ili kunyoosha mgongo, ongeza gia moja au mbili nzito kwanza, usije ukazungusha pedali bila kitu mguuni. Kwenye kona kali pita upande wa nje, ndani ya njia yako, maana upande wa ndani ndio wenye mwinuko mkali zaidi.

Na kilele kisikudanganye. Mara nyingi hapo ndipo mlima na upepo vinapokutana. Mlima Mont Ventoux wa Ufaransa una mita zaidi ya 1,900 na juu hakuna miti. Mwaka 2016 mbio za Tour de France zililazimika kusogeza mwisho wa hatua, yaani mbio za siku hiyo, kutoka kileleni hadi mahali paitwapo Chalet Reynard, kama kilomita 6 chini, kwa sababu ya upepo. Kwa hiyo bakiza kitu kwa ajili ya mita 500 za mwisho, na uvae koti kabla jasho halijapoa.

Ukiwa na wenzako

Mlimani, kukaa nyuma ya mtu kunasaidia kidogo tu, zaidi kwa kufuata mdundo wake. Kwenye upepo ni msaada mkubwa mno, unaweza kuokoa theluthi ya nguvu zako. Upepo ukitoka mbele, kaa nyuma yake moja kwa moja. Ukitoka ubavuni, sehemu anayoikinga inasogea. Kaa nyuma kidogo upande usiopigwa. Watu wengi wakifanya hivyo wanajipanga mshazari kwenye barabara, na barabara ikijaa, wa mwisho anabaki ukingoni bila kinga. Hivyo ndivyo mbio zinavyokatika vipande: mwaka 2013, kwenye njia ya tambarare ya kwenda Saint-Amand-Montrond, Chris Froome akiwa kinara wa Tour de France alipoteza zaidi ya dakika moja kwa mpinzani wake Alberto Contador bila kilima chochote cha maana. Kwenye barabara ya umma mshazari wenu usivuke kamwe nusu yenu. Zamu za mbele ziwe fupi, dakika moja au mbili, na anayeshika zamu asiongeze mwendo.

Je, asiye na milima ajizoeze kwa upepo? Ndiyo, kwa kiasi kikubwa. Vipande vitatu vya dakika kumi dhidi ya upepo, gia nzito kidogo, pedali mizunguko 65 hivi kwa dakika, bila kuacha kukanyaga, vinajenga miguu inayofaa mlimani. Ila mlimani baiskeli haiendi yenyewe kati ya kanyago na kanyago, inakaribia kusimama kila mara, na hilo linahitaji mlima wenyewe, hata daraja refu ukilipanda mara nane.

Siku hizi mimi na mwenzangu hatubishani sana. Mlimani anatangulia, nami simfuati. Kileleni ananisubiri mahali palipokingwa, nakunywa maji, tunafunga zipu. Tukifika uwandani natazama majani yanaelekea wapi, yeye anasogeza gurudumu lake la mbele nyuma ya langu upande usiopigwa na upepo, na zamu ya kwanza ni yangu.