SOMO: Kubadili fremu ya triga ya Autococker, kutoka ya kuteleza kwenda ya bawaba

Wakuu habari za wikiendi. Watu kadhaa wameniulizia hii ishu ya fremu ya triga (kile kipande chenye mshikio na triga) nikaona badala ya kujibu mmoja mmoja niimwage yote hapa. Mimi nachezea peintiboli huku Marekani na maka yangu (bunduki ya kurushia vidonge vya rangi) ni Autococker ya zamani ya WGP, kampuni aliyoianzisha mzee Bud Orr, ilikuja na triga ya kuteleza, ile inayoingia nyuma moja kwa moja kama droo. Inapiga vizuri tu ila nzito. Ya bawaba triga inaning'inia kwenye pini kwa juu, vidole viwili vinakaa, ni raha.

Ila niseme mapema, kufungua na kufunga fremu ni kazi ndogo, kinachokula jioni nzima ni taimingi. Triga ya Autococker ina kazi mbili: ukianza kuvuta inaachia hama (nyundo ya ndani), hama inagonga vali, kidonge kinatoka. Ukiendelea kuvuta inasogeza vali ya njia tatu iliyoko mbele, gesi inaingia kwenye ramu (pistoni ndogo), ramu inasukuma bloku ya nyuma na bolti (kile kinachosukumia kidonge kwenye mtutu) zirudi na kukoki, yaani kutega hama upya. Ukiachia, bolti inaenda mbele. Kwa hiyo ukibadili triga umevuruga vipimo vyote hivyo, usishangae.

Hatua ya 1. Toa hopa (chombo cha vidonge), toa mtutu, fungua chupa ya hewa uitoe. Halafu piga piga kumaliza gesi iliyobaki mpaka usikie hama imegonga na maka haijajikoki tena. Hii usiiruke, ukitoa fremu hama ikiwa imekokiwa itachomoka kwa nguvu ya springi.

Hatua ya 2. Ondoa bomba la hewa lililofungwa chini ya mshikio, kisha skrubu mbili za fremu, ya mbele na ya nyuma. Teremsha fremu taratibu, ile fito ndefu inayotoka kwenye vali ya mbele itachomoka kwenye triga. Sia (kile kichuma kinachoishika hama) inatoka na fremu, na chini yake kuna springi ndogo, tia kwenye kikombe maana ikianguka kwenye zulia ndo basi tena.

Hatua ya 3. Kama fremu mpya imekuja tupu hamisha sia na springi yake. Kama imekuja na fito yake tumia hiyo, usilazimishe ya zamani. Ingiza ncha ya fito kwenye tundu la triga KWANZA ndo upandishe fremu, kaza skrubu za kutosha tu, bodi ni alumini mkuu, ukikaza kama nati za gurudumu utaua nyuzi.

Hatua ya 4, taimingi. Vaa miwani, rudisha hewa, hopa na vidonge bado visiwepo. Vuta triga polepoleee usikilize. Unatakiwa usikie "pa", halafu ukivuta kidogo zaidi bloku inarudi nyuma. Ikitangulia bloku kabla ya "pa" ni hatari kwa vidonge, vitakatwa. Dawa yake ni mbili: ama upandishe lagi ya hama (skrubu ya chini ya hama inayoshikwa na sia) ili iachie mapema (toa bolti, utaona kitundu, pitisha alenki, robo mzunguko kisha jaribu tena), ama urefushe fito ili vali ya mbele ichelewe. Shika kimoja kwanza, mimi nilishika vyote viwili kwa pamoja nikapoteana kabisa nikaanza upya saa tano usiku.

Hatua ya 5. Skrubu za kufupisha triga. Hapa ndo watu wengi tunaharibu, kila mtu anataka triga fupi kama kubofya kalamu. Mimi nilifupisha mpaka ikawa milimita chache, nyumbani safi kabisa, uwanjani nikavuta harakaharaka bolti hairudi mpaka mwisho, vidonge vinapasukia ndani, nikashinda nafuta rangi wenzangu wanacheza. Acha nafasi.

Ukimaliza pita kwenye kipima kasi kabla ya kuingia uwanjani, isizidi futi 300 kwa sekunde.

MASWALI

Swali: Mkuu nimefuata yote, inapiga na kukoki ila nikiachia triga bolti inabaki nyuma.
Jibu: Umebana skrubu ya mbele ya triga sana, triga hairudi ya kutosha kusogeza vali. Ilegeze. Isipokubali, refusha fito kidogo.

Swali: Inaongeza shabaha?
Jibu: Hapana kaka. Mkono wako utatulia zaidi basi, shabaha tafuta kwenye mtutu unaolingana na vidonge.

Swali: Yangu inavuja hewa pale mbele nikishika triga katikati.
Jibu: Ikivuja katikati tu wakati inabadilisha njia ni kawaida. Ikivuja triga ikiwa imetulia, cheki kwanza kama vali imekaa sehemu yake, bado inavuja basi ni o-ringi (kipete cha mpira cha kuzuia hewa).

Swali: Mie nina Tippmann 98 Custom, fremu hii inakubali?
Jibu: Haikubali dada, ya kwako mshikio ni sehemu ya bodi yenyewe, inafunguka nusu mbili kama karanga. Ulizia seti ya triga ya vidole viwili ya 98, na ukifungua ilaze ubavu, springi zisije zikaruka.