Chai ya rozela: tafadhali usiipikie kwenye sufuria la alumini

Kuna watu wanasema chai ya rozela, yale maua mekundu makavu, wengine mnaita choya, eti ina ladha ya chuma, alafu ukiwauliza mmepikaje unakuta wameitupia kwenye sufuria la alumini ikatokota nusu saa nzima. Sicheki, maana hata mi nilianzia huko huko. Nimeshamimina kwenye chupa, mama kaja jikoni kaliangalia lile sufuria letu lililokuwa na weusi ndani miaka yote, kaniuliza "hili umelisugua na nini, mbona linang'aa?" Sijasugua kitu mama. Rozela ina asidi kama ndimu, ndo iliyokula ule weusi, sasa weusi umeenda wapi kama sio kwenye chai yangu? Nikamwaga yote.

Kwaiyo tuanze na kununua. Tunasema maua lakini ua lenyewe huwa linadondoka mapema, kinachobaki ni yale maganda manene mekundu yanayokumbatia mbegu, hayo ndo yanachumwa na kuanikwa. Chukua yenye rangi ya damu ya mzee, ikishakuwa kahawia imekaa sana au imepigwa jua kupita kiasi. Ishike mkononi, ikivunjika kwa mlio ni kavu, ikijikunja kama ngozi bado ina unyevu na utaikuta na ukungu kabatini. Nyumbani ipitishe fasta kwenye maji baridi utoe mchanga, usiiloweke, rangi itaondoka yote na rangi ndo mali yenyewe.

Kupika sasa. Chemsha maji peke yake. Rozela iweke kwenye jagi la glasi, la udongo au stili, kijiko kimoja cha chakula kwa kila kikombe, na kama unapenda viungo weka hapo hapo tangawizi ya kuponda na karafuu mbili (mdalasini pia poa, iliki mi naona inapotea tu), mimina maji ya moto, funika, subiri dakika 6 mpaka 10 alafu chuja. Ukiisahau humo inakuwa na ukakasi ule wa kukaza ulimi. Wakati wa joto mi siwashi hata jiko, naloweka kwenye maji baridi naweka friji usiku kucha, asubuhi inatoka laini kabisa.

Sukari ndo tunapoharibia. Mtu anakwambia nakunywa kwa ajili ya presha, kumbe glasi moja vijiko vinne! Anza na kimoja au asali kidogo, kila wiki unapunguza, ulimi utazoea tu.

Na hiyo presha je, ni kweli? Ni kweli ila kwa kiasi. Mwaka 2010 watafiti wa Chuo Kikuu cha Tufts kule Marekani walitoa majibu ya utafiti wa watu 65 ambao presha zao zilikuwa zimeanza kupanda, wengine walipewa chai hii vikombe 3 kwa siku kwa wiki 6, wengine kinywaji cha kufanana nayo tu. Wa rozela namba ya juu ilishuka kama 7, wale wengine kama 1. Ni kitu, lakini mwenye 180 hiyo 7 haimuokoi, kwaiyo vidonge usiache, tena kama unameza dawa za presha au daiklofenaki (ile dawa ya maumivu) mwambie daktari kwamba unakunywa hii maana inaweza kuingiliana nazo. Wamisri na Wasudani, wao wanaiita karkade, utasikia wakisema ya moto inapandisha presha na ya baridi inashusha, hilo msibebe, mmea ni ule ule.

Mjamzito aiache kwanza. Mwenye vidonda vya tumbo asiinywe tumbo tupu, na meno usipige mswaki papo hapo ukimaliza, sukutua na maji tu, ile asidi inalainisha meno kwa muda.

Yale maganda yaliyobaki kwenye chujio usitupe. Yakatekate, weka sukari na maji ya chungwa, pika moto mdogo mpaka yashikane, hiyo ni jamu ya mkate. Ndio, najua nimetoka kuisema sukari sasa hivi.